Noah, Sienta au Alphard? Nyumba imegawanyika kwa sababu ya gari ambalo bado halijanunuliwa

BARUA

Mzee Mshauri, assalamu alaykum.

Ninakuandikia kutoka Bombo, mimi mume wa mke mmoja, baba wa watoto watano, na mtoto wa mama mmoja ambaye tangu marehemu baba atutoke anaishi nasi, na wajukuu wake humwita Habuba. Kwa miaka sita mimi na mke wangu tumekuwa tukiweka akiba ili tununue gari la familia. Mimi ni karani katika ofisi moja jijini Kampala, yeye anashona nguo za harusi na za sikukuu, na haki nisiifiche: fedha hizo zimetoka kwenye cherehani yake zaidi kuliko kwenye mshahara wangu. Sasa akiba imefika shilingi milioni 46, na badala ya furaha imetuletea maneno.

Idd iliyopita tulikwenda Koboko kwa ndugu zetu, safari ya zaidi ya kilomita 500, kwa gari la Toyota Wish tuliloazima kwa rafiki. Ni gari zuri kwa mwenyewe, ambaye ana watoto wawili. Kijana wangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka kumi na sita na miguu mirefu kama ya korongo, alikaa nyuma kabisa na magoti yake yakawa jirani na kidevu. Mdogo wao wa mwisho alipakatwa, jambo ambalo najua si halali mbele ya askari wa barabarani wala si salama. Sisi Wanubi hatusafiri mikono mitupu, kwa hiyo mabegi na mabeseni ya vyakula yalikaa juu ya mapaja. Tuliposimama Karuma ili mama anyooshe miguu, nilimwona akilishika goti lake la kulia kwa mikono miwili na kulitoa nje ya mlango taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo usio wake. Nyani wa kando ya barabara walikuwa wameshalikaribia gari, watoto wakicheka, na yeye bado mguu mmoja uko ndani. Siku hiyo niliapa kwamba safari nyingine hatutaifanya hivyo. Na huko mwisho, tulipoiacha lami ya Koboko na kuingia barabara ya maramu inayokwenda kwetu, bomba la moshi liligonga jiwe na tukarudi Bombo tukinguruma kama trekta.

Sasa sikiliza mabishano yalivyo. Mke wangu anataka Toyota Sienta. Anasema ina injini ndogo ya lita moja na nusu, ina milango ya kuteleza, spea zake zipo kila mahali, na bei yake itatuachia fedha za kuongeza mtaji wa vitambaa. Gari linalokunywa petroli kama ngamia aliyefika kisimani, anasema, litamfungia duka. Kaka yake, yaani shemeji yangu, anaendesha Alphard na haoni kama kuna gari jingine duniani; kila Ijumaa baada ya swala hutukusanya chini ya mwembe na kutufungulia milango yake ya umeme kama mtu anayeonyesha hazina. Jirani yetu anasifu Nissan Serena kwa nafasi yake. Vijana nao wanabishana kama Voxy inaishinda Noah, mpaka siku moja wawili walinuniana wiki nzima. Mwenzangu wa ofisini anataka kuniuzia Noah yake ya mwaka 2004 kwa bei ambayo kwa kweli ni ya kutupa. Na wapo wanaosema kwamba kwa barabara za kwetu Koboko tusinunue chochote kisichoendeshwa kwa magurudumu yote manne.

Mimi moyo wangu uko kwa Noah, na hapa ndipo penye siri yangu. Wiki tatu zilizopita, nikitoka kazini, nilipita kwenye bondi moja Kampala, yaani uwanja wa kuuzia magari yaliyoagizwa kutoka nje, na nikaona Noah ya mwaka 2012, rangi ya fedha, safi, ambayo viti vyake vya katikati ni viwili, kila kimoja kimesimama peke yake na kina sehemu ya kuwekea mkono, kama viti vya wakubwa. Nilimfikiria mama akikaa hapo. Nilimpa dalali shilingi milioni moja ili asiliuze, na mpaka leo mke wangu hajui. Nilikusudia kulitumia pia kwenda kazini kila siku, maana nimechoka kubanana kwenye taksi za abiria kumi na wanne.

Naomba unieleze, wewe uliyewahi kumiliki magari ya namna hii, ni lipi lililo bora kwa familia, na nimwambieje mke wangu.

Baba wa Watano, Bombo

JIBU

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu Baba wa Watano.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilishika kalamu nikawa nahesabu watu. Wewe, mkeo, watoto watano na mama ni wanane. Noah uliyoiwekea milioni moja, kwa maelezo yako mwenyewe ya viti viwili vya katikati vinavyosimama peke yake, ni ya watu saba: wawili mbele, wawili katikati, watatu nyuma. Noah ya namna hiyohiyo, ya mwaka huohuo, hutengenezwa pia ikiwa na kiti kirefu cha watu watatu katikati, na hiyo ndiyo inayobeba wanane. Umeapa pale Karuma kwamba mtoto hatapakatwa tena, kisha ukaenda kutoa kishika nafasi cha gari ambalo ndani yake mtoto atapakatwa. Sisemi hivi kwa kukucheka. Nimewaona watu wenye elimu kubwa wakinunua gari kwa kulitazama kwa nje na kulipiga teke la tairi, na viti wakavihesabu siku ya safari.

Idadi hiyo ya wanane inamaliza nusu ya mabishano ya mwembeni kabla hatujafungua boneti. Sienta ni ya watu saba kwenye karatasi, na kwa watu wazima ni ya watano na nusu, kwa sababu viti vyake vya nyuma kabisa vimefanywa vyembamba ili viweze kukunjwa na kuingia chini ya viti vya katikati. Vikisimamishwa, nyuma yake panabaki nafasi ya kuweka mkate, si mabeseni ya Idd. Wish umeshaionja. Noah ya kizazi cha 2014 inayotumia petroli pamoja na umeme, ambayo wengi sasa wanaisifu kwa uchache wa mafuta, nayo ilitengenezwa kwa watu saba. Wanaobaki ni Noah ya kawaida na pacha wake Voxy, Alphard, Serena, na moja ambayo hakuna aliyeitaja huko kwenu, nayo ni Honda Stepwagon.

Kuhusu vijana walionuniana, waambie wapatane. Noah na Voxy ni gari moja lenye sura mbili. Toyota ilizitenganisha kwa sababu kule Japani ziliuzwa katika mitandao miwili tofauti ya maduka yake, na Voxy ikapewa pua ya ukali ili iwavutie vijana. Injini, giaboksi na viti ni vilevile. Ukiona Voxy ya watu wanane kwa bei nafuu kuliko Noah, ichukue; ikiwa ni ghali zaidi, unalipia pua.

Sasa nije kwa mkeo, ambaye naona umemwandika kama mpinzani wakati yeye ndiye peke yake katika barua yako aliyezungumzia gharama. Kwenye viti amekosea. Kwenye petroli yuko sahihi kuliko anavyojua, na tatizo la petroli halipo kwenye gari bali kwenye jambo ulilolitaja mwishoni kama kwa bahati mbaya, yaani kwamba utalitumia kwenda kazini kila siku. Tufanye hesabu pamoja. Kutoka Bombo hadi Kampala ni kilomita zipatazo 35, kwenda na kurudi 70, na kwa siku 22 za kazi ni kilomita 1,540 kwa mwezi. Tuchukulie kwamba Noah ya lita mbili, katika foleni ya Kawempe na Bwaise asubuhi, itakupa kilomita 9 kwa lita, na Sienta itakupa 13. Noah itakunywa lita 171, Sienta lita 118 au 119. Tukiweka petroli shilingi 5,000 kwa lita, Noah ni kama shilingi 855,000 kwa mwezi, na tofauti kati ya magari hayo mawili ni karibu shilingi 263,000. Mkeo anabishania hizo 263,000, nazo ni haki yake kuzibishania. Lakini ziangalie zile 855,000. Hizo ni fedha za kumbeba mtu mmoja, karani mmoja na mkoba wake, ndani ya gari la watu wanane, siku 22 za kila mwezi, na viti saba vitupu vikimsindikiza.

Ukiendelea kupanda taksi siku za kazi, kubanana kote huko kukiwamo, Noah itatembea Jumamosi na Jumapili, itampeleka mama hospitali, itakwenda harusini, na mara mbili kwa mwaka itakwenda Koboko. Kwa matumizi ya namna hiyo tofauti ya mafuta kati yake na Sienta inakuwa ndogo kiasi kwamba haiwezi kumfungia mtu duka. Mwekee mkeo ahadi hiyo mezani kabla hujamwonyesha picha yoyote ya gari, na umweleze kwamba ndiyo inayolipia kiti cha nane. Sidhani kama ataendelea kuitetea Sienta. Nahisi kwamba alichokuwa anakiogopa tangu mwanzo ni kuona akiba ya cherehani yake ikigeuka kuwa nauli yako.

Shemeji yako na Alphard yake nisingependa kumvunjia heshima, kwa sababu ni gari la kifahari kweli, na lipo la watu wanane. Muulize tu, kwa upole na si mbele za watu, anaongeza oili mara ngapi kati ya huduma moja na nyingine. Alphard nyingi zilizoko hapa nchini zina injini ya lita 2.4 inayoitwa 2AZ-FE, na zile zilizotoka kati ya takriban 2006 na 2011 zinajulikana kwa kula oili, kwa sababu pete za pistoni huzibwa na masizi na oili ikapita kwenda kuungua. Jambo hili si la kusingiziwa mwembeni: kule Marekani Toyota yenyewe ilianzisha mpango wa kuwabadilishia pistoni na pete baadhi ya wenye magari yenye injini hiyo. Injini hiyohiyo imo pia kwenye Estima. Mtu akiikagua oili kila wiki na kuiongeza, atakaa nayo miaka. Asiyefungua boneti mpaka taa iwake ataiua. Wewe unayetaka kwenda Koboko na kurudi bila kufikiria boneti, na ambaye shilingi milioni 46 ndizo zote ulizonazo, sikushauri.

Serena niliimiliki, ya mwaka 2008, na nitakueleza yaliyonipata kwa sababu yanahusu pia Noah utakayoinunua. Magari haya yana giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za meno zinazopandana bali ina mkanda wa chuma unaobana katikati ya puli mbili, na kinachoufanya mkanda huo ushike bila kuteleza ni oili maalumu. Nissan ya wakati ule inataka inayoandikwa NS-2, Toyota ina yake inayoandikwa CVTF, kila kiwanda na yake. Nilipeleka gari kwenye gereji moja ambayo sitaitaja. Fundi kijana, mwenye adabu na mikono safi, akamwaga oili ya zamani na kujaza ile nyekundu ya giaboksi za kawaida, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo kwenye pipa. Gari lilitoka likitembea vizuri. Baada ya majuma machache likaanza kutetemeka nikilipanda kilima, kama ng'ombe anayekataa josho. Nilijiambia ni plagi, nikabadilisha plagi. Tulipovuka daraja la Pakwach na kuanza kupanda kuelekea Nebbi, injini ikawa inalia juu na gari halisogei, mpaka likasimama kabisa, na mimi na wanangu tukakaa chini ya mti hadi jioni. Giaboksi nyingine iliyotumika, niliyoipata Kampala katika Soko la Kisekka, ilinigharimu kiasi ambacho mpaka leo sijamwambia mama watoto wangu kwa ukamilifu, kwa hiyo kwenye mambo ya kuficha fedha za gari usidhani unaongea na malaika.

Simlaumu Serena. Ndani yake pana nafasi kubwa kuliko Noah ya rika lake, na jirani yako hadanganyi. Ila nilichojifunza ni kwamba gari la familia la watu wa Arua, Koboko na Yumbe lazima liwe gari ambalo fundi wa huko anajua linakunywa nini. Kabla hujanunua, nenda Kisekka uulize bei ya koili ya plagi, pampu ya maji na shokamzoba za mbele za gari unalolitaka, kisha mpigie simu ndugu yako wa Koboko aulize vitu hivyohivyo Arua mjini. Gari ambalo jibu lake kule ni "tutaagiza Kampala" litakulaza njiani. Kwa sababu hiyo tu ndiyo ninaiweka Stepwagon nyuma ya Noah, ingawa kwa goti la mama yako ningeitamani, kwani Honda iliishusha sakafu yake chini tangu toleo la 2005, na viti vyake vya nyuma kabisa, katika matoleo yaliyofuata, huzama sakafuni visionekane, wakati vile vya Noah hukunjwa na kuning'inizwa kando ya madirisha vikila nafasi ya mabegi.

Noah ya mwenzako wa ofisini, ya 2004, usiiguse hata kwa bei ya kutupa. Kizazi kile cha 2001 hadi 2007, ambacho namba ya chesisi yake huanza na AZR60, kina injini ya 1AZ-FSE inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Katika injini za kawaida petroli hupita juu ya vali za kuingizia hewa na kuziosha. Katika hii haipiti, kwa hiyo masizi hujijenga kwenye vali mwaka baada ya mwaka, gari likaanza kutikisika likisimama kwenye taa, na pampu yake ya shinikizo haivumilii petroli chafu ya madumu ya kando ya barabara. Zaidi ya hayo, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa Uganda. Ya mwenzako ipo nchini tayari na inaruhusiwa kutembea, lakini ujue unanunua kitu ambacho wengi wanatafuta mtu wa kukiachia. Kizazi kilichofuata, cha 2007 hadi 2014, namba zake zikianza na ZRR70, kilirudi kwenye kupuliza petroli kwa njia ya zamani, na ndicho ninachokushauri.

Kuhusu kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, Noah ya kizazi hicho ambayo namba yake huanza na ZRR75 inalo jambo hilo, nalo linasaidia kwenye tope. Ila haliinui tumbo la gari kiasi cha kutosha kwa mawe yenu. Lililogonga jiwe ni bomba la moshi la gari lililobeba watu wanane na mizigo likiwa limelala nyuma kwa uzito, na dawa yake ni shokamzoba na springi nzima za nyuma, na dereva anayeshuka kutazama njia. Usilipe zaidi kwa ajili hiyo.

Sasa ile milioni moja. Mwambie mkeo leo usiku, watoto wakishalala, wala usianze na dalali. Anza na goti la mama pale Karuma, kwa sababu ndilo lililokupeleka bondi, kisha umwambie ulilolifanya na kwamba umekosea kulifanya peke yako kwa fedha ambazo nyingi ni zake. Atakasirika. Mwache akasirike, usimjibu kwa habari za Sienta. Kisha nendeni wote wawili kwa dalali, na kama ulipewa risiti ichukueni. Kama hukupewa, hilo nalo liwe somo la kikazi. Watu wa bondi hawapendi kurudisha fedha, lakini kubadilisha gari moja kwa jingine ndani ya uwanja huohuo huwa wanakubali, maana mauzo yao hayapotei. Ombeni Noah au Voxy ya watu wanane ya kizazi hichohicho, na muiambatanishe ile milioni moja na hilo.

Mkifika, ombeni karatasi ya mnada wa Japani, ile yenye mchoro wa gari na alama zake. Penye daraja la R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa, na penye 3.5 au 4 mnaweza kuendelea. Linganisheni kilomita zilizoandikwa pale na zilizo kwenye dashibodi. Linganisheni namba ya chesisi na ya karatasi, tarakimu kwa tarakimu, wewe ukisoma na yeye akitazama, kwa kuwa mshonaji amezoea kuona uzi mmoja uliopinda. Fungeni mikanda yote minane, mmoja baada ya mwingine. Liendesheni mpaka lipate moto, mpande nalo kilima, na mkilihisi linatetemeka au injini inalia bila gari kufuata, rudisheni ufunguo hata kama dalali ni mcheshi kiasi gani. Na msishtuke mkiliwasha asubuhi likawasemesha Kijapani. Ni kifaa cha kulipia barabara za kwao kinalalamika kwamba hakina kadi, na fundi wa umeme atakinyamazisha kwa dakika kumi.

Siku hiyo nendeni na mama. Mketisheni kivulini mpaka mmalize mambo ya karatasi, kisha mwombeni aingie na kushuka mara mbili kwa mlango wa kushoto, maana ndio atakaoutumia kando ya barabara, na magari mengi haya mlango wa umeme ni huo. Msimsaidie. Tazameni anashika wapi. Kama mkono wake unatafuta kitu cha kushikilia na haukipati, fundi anaweza kufunga kishikio cha chuma kwenye nguzo ya mlango na ngazi ndogo chini yake, kazi ya nusu siku. Kisha muulizeni anataka kukaa wapi. Huenda asikitake kabisa kile kiti cha katikati ulichomchagulia, akasema atakaa mbele, aone njia, na mkeo akae nyuma na watoto. Hapo ndugu yangu mabishano mapya yataanza, na hayo yamalizeni wenyewe.

Mzee Mshauri